Joto Lililopita Chini ya Ukuta

Mama alipostaafu kazi ya ukarani, tulidhani atapumzika. Alikaa kwake Shauri Moyo kwa muda mfupi tu, akapanga kabati upya, akashona mapazia, kisha akatangaza kwamba yeye na akina mama wenzake wa kanisani wataanza kuoka mikate. Hakuuliza maoni ya mtu. Alinipigia simu nikiwa kazini akasema, "Wewe si ndiye wa matanuri? Njoo uniambie litakaa wapi."

Ni kweli, mimi ndiye wa matanuri. Nimeajiriwa katika karakana moja ya eneo la viwanda, Industrial Area, inayotengeneza matanuri ya mikate na mashine za kukausha matunda. Wenzangu hukata mabati na kuchomelea. Mimi hukaa mbele ya kompyuta, nikiiuliza maswali kabla bati halijakatwa. Nachora kitu, naiambia programu moto uko wapi na baridi iko wapi, nayo inanionyesha joto litakavyosafiri: nyekundu palipo moto, buluu palipopoa. Watu wakipita nyuma yangu hudhani kazi ngumu ni ile hesabu. Hesabu hufanywa na mashine. Mimi kinachonikosesha raha ni kuamua nichore nini na niache nini. Ukichora kidogo mno, jibu linakuja upesi lakini halikufai. Ukichora kila kitu, jibu haliji.

Nyumba ya mama ni ile ya zamani, ya safu, ambayo marehemu baba aliipata alipokuwa angali kijana. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, na nyuma ya nyumba aliongeza chumba cha kufanyia kazi. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee mmoja kutoka magharibi mwa nchi aliyefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, naye aliongeza chumba kama hicho upande wake. Kwa hiyo vyumba viwili vya nyuma vinagawana ukuta mmoja. Baba alipofariki, chumba chake kilibaki na magogo machache na vumbi. Mama aliniingiza humo akanyoosha mkono.

"Hapa," akasema. "Litakaa hapa, lilale na ukuta."

"Upande wa pili wa ukuta huu ni chumba cha mzee," nikamwambia. "Analala humo."

"Ndiyo maana nimekuita. Angalia asiungue."

Nilirudi kazini nikachora njia fupi kuliko zote. Ukuta ni bapa, mrefu, na unene wake ni ule ule kote, kwa hiyo huhitaji kuchora ukuta mzima. Unachora mstari mmoja tu unaotoka motoni: unapita tofali la tanuri, unapita sufi ya kuzuia joto, unapita nafasi ya hewa, unaingia ukutani, unatokea chumbani kwa mzee. Mstari huo ulinijibu kabla chai haijapoa. Ukuta wa mzee ungekuwa vuguvugu kidogo tu. Nikaongeza sufi kwa ajili ya usalama, nikamwita fundi, na kabla ya mvua ndefu tanuri lilikuwa limesimama: la matofali, refu, limelala sakafuni sambamba na ukuta, bomba la moshi limetokeza juu ya paa. Kuni zake zilikuwa vipande vya mbao kutoka kwa maseremala wa upande wa Gikomba.

Akina mama wakaoka. Mikate ya kwanza ilikuwa mizito kama viatu, lakini wakajifunza. Baada ya muda watu walikuwa wanasimama mlangoni asubuhi wakingoja skonsi zitoke. Mama alianza kutembea kwa haraka tena, kama alivyokuwa akitembea enzi za ofisi. Kila wakitoa mikate, ule wa kwanza aliufunga kwa kitambaa akampelekea mzee.

Siku moja akanipigia simu.

"Kitanda cha jirani kimehama."

"Kimehama kwenda wapi?"

"Kimeenda karibu na mlango, penye upepo. Kitanda kile kilikuwa kwenye ukuta wetu tangu mkewe akiwa hai."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Amenishukuru kwa mkate. Hicho ndicho kinachonisumbua."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, nilitoka kwangu mtaa wa Fedha nikaenda. Mzee alinikaribisha kwa furaha. Mlangoni pake kuna mkeka mdogo, na kila aingiaye huvua viatu hapo, kwa sababu yeye hupiga deki mwenyewe kila siku na sakafu yake huwa inang'aa. Nikavua, nikaingia na soksi, tukapita sebule hadi chumba cha nyuma. Nikaenda moja kwa moja ukutani, nikaweka kiganja. Ukuta ulikuwa sawasawa na nilivyotabiri. Ulikuwa umepoa kuliko mkono wangu.

Nikabaki nimesimama hapo na kiganja ukutani, ndipo nikahisi nyayo zangu. Sakafu ilikuwa na joto. Si joto la kuunguza, ila lile la jiwe lililoshinda juani. Nikasogea hatua mbili kuelekea mlangoni, joto likapungua. Nikarudi ukutani, likaongezeka.

"Mzee," nikamwambia, "sakafu yako ina joto."

Akaitazama kana kwamba nimemwonyesha mgeni. Yeye nyumbani huvaa viatu vya mpira vyenye soli nene, kwa sababu ya magoti. "Sakafu? Mimi nilidhani ni umri. Nikilala nilikuwa nahisi kama nimelala kando ya jiko. Nikasema labda ni presha."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Mama yako ananiletea mkate, binti yangu. Ningeanzia wapi?"

Tukaketi. Nikamuuliza kama anakumbuka vyumba hivi vilijengwaje, na akatabasamu kabla sijamaliza swali. Alikumbuka vizuri. Yeye na baba walinunua saruji pamoja, wakakodi watu wa kukoroga, wakamwaga sakafu yote kwa siku moja, ya vyumba vyote viwili, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Walikula githeri, mahindi na maharagwe, wamekaa kwenye ndoo, na jioni baba akakanyaga saruji mbichi kwa bahati mbaya, wakacheka mpaka wapita njia wakasimama. Ukuta wa kugawanya ulikuja baadaye. Ulijengwa juu ya sakafu hiyo.

Basi nikaelewa. Tanuri lilikuwa limekaa juu ya sakafu ambayo haikukoma ukutani. Joto lilishuka chini, likaingia kwenye saruji, likapita chini ya ukuta taratibu, likaibuka kwa mzee pale kilipokuwa kitanda chake. Mstari wangu ulikuwa umeulizwa habari za ukuta, nao ukajibu habari za ukuta. Haukuwa na sakafu ndani yake.

Kesho yake nilifika kazini na hamu. Nilichora kila kitu. Nilichora tanuri lote na mlango wake na mpini wa mlango, trei za mikate, bomba la moshi, vyumba vyote viwili, dirisha la mzee, hata kitanda. Nikaiambia kompyuta ianze. Ikaunguruma asubuhi nzima na mchana wote, feni yake ikipiga kelele mpaka karani wa pale mlangoni akauliza kama tunasaga unga. Sikupata kitu. Nilipofungua mchoro, nikaona programu imeukatakata ule mpini wa mlango vipande vidogo vidogo visivyohesabika, na sakafu ambayo ndiyo niliyoitaka imeachiwa vipande vikubwa vikubwa kama mawe ya barabarani.

Mkuu wangu wa kazi ni mhandisi wa makamo, mama mpole anayependa kusimama nyuma ya kiti chako na kikombe mkononi. Alitazama skrini kwa muda.

"Unataka kujua nini?" akauliza.

"Nataka kujua mzee alale wapi."

"Na mpini wa mlango utakuambia hilo?"

"Hapana."

"Tanuri hili ni refu?"

"Ni refu. Karibu urefu wote wa ukuta."

"Kitanda kilikuwa wapi, ncha moja au katikati?"

"Katikati."

"Basi fikiria mkate wa slesi," akasema. "Ukiyaacha yale maganda ya ncha mbili, slesi zote za katikati zinafanana. Ukiona moja umeona zote. Chukua slesi moja."

Nikaanza kufuta. Sijui kama kuna raha nyingine kazini mwangu inayofanana na ile ya kufuta. Mpini ukaenda, trei zikaenda, bomba likaenda, dirisha likaenda. Kikabaki kipande kimoja chembamba kilichokatwa kutoka chumba cha mama mpaka cha mzee: tanuri, ukuta, hewa ya vyumba viwili, na sakafu ikipita chini ya vyote bila kukatika.

"Na chini unakomea wapi?" mkuu akauliza.

"Mwisho wa saruji."

"Chini ya saruji kuna nini?"

"Udongo."

"Nao unapokea joto. Shuka mpaka pale ambapo udongo hauna habari kama tanuri linawaka au limezimwa. Hapo ndipo ukomee."

Nikashuka kwenye udongo. Upande wa mzee nikaenda mpaka ukuta wake wa mbali. Nikaamuru kompyuta ianze, nikaenda kunawa mikono, na niliporudi jibu lilikuwa limeshafika. Kulikuwa na ulimi wa rangi ya chungwa uliotoka chini ya tanuri, ukapita chini ya ukuta, ukapanda upande wa pili na kufifia kabla ya kufika mlangoni. Niliutazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama juu yake na soksi.

Lakini rangi nzuri si ushahidi. Jumamosi nilikwenda kwa mzee na kipimajoto cha karakana na kipande cha chaki. Tanuri likiwa linawaka, nikapima sakafu kuanzia ukutani, nikiandika kila kipimo kwa chaki pale pale chini, naye akinifuata na kiti chake akisoma namba kwa sauti. Mama alikuja akasimama mlangoni na unga mikononi.

"Mnacheza nini?" akauliza.

"Binti yako ananiandikia sakafu," mzee akasema. "Nami nitaifuta mwenyewe."

Vipimo vililingana na mchoro vizuri, si kwa usahihi wa kutisha, ila vizuri vya kutosha kuuamini. Mama alipoelewa joto limepita wapi, alikung'uta unga mikononi. Kisha akamwambia mzee, "Pole, jirani. Ungesema." Mzee akajibu kwamba sasa imesemwa, yamekwisha, na kama kuna skonsi zimeiva asingezikataa.

Nikarudi kwenye kile kipande changu nikaanza kujaribu dawa. Kwanza niliunenepesha ukuta. Ulimi haukujali hata kidogo. Nikaweka sufi chini ya tanuri. Ulimi ukafupika, lakini nikahofia uzito wa tanuri ungeikandamiza sufi yote. Mwishowe nikaliinua tanuri lenyewe, nikaacha nafasi ya hewa ipite chini yake. Ulimi ukatoweka. Sakafu ikawa ya buluu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nikafurahi mpaka mkuu alipouliza, "Limesimama juu ya nini?"

Halikuwa limesimama juu ya kitu. Katika slesi yangu tanuri lilikuwa linaelea hewani. Lingehitaji nguzo fupi za matofali, na nguzo hazifanani na ukuta: hapa pana nguzo, mbele kidogo hakuna, halafu iko tena. Ukikata penye nguzo utaona joto likishuka kama maji kwenye mfereji. Ukikata kati ya nguzo na nguzo hutaona kitu. Slesi moja haikuweza tena kuzisemea zote.

"Sasa nichore lote?" nikauliza, na nadhani uso wangu ulionyesha ninavyoikumbuka ile kompyuta iliyosaga unga.

"Nguzo zitakuwa zimeachana sawa?"

"Ndiyo."

"Basi chora kutoka nusu ya nguzo mpaka nusu ya nafasi. Baada ya hapo mambo yanajirudia."

Nikachora kipande hicho kifupi, kinene kama kipande cha keki. Kilinionyesha kwamba nguzo zingepitisha joto kidogo, doa hapa na doa pale, nalo lingeishia upande wetu wa ukuta. Nikatosheka.

Fundi alipofika alinikuta mlangoni. Ni kijana aliyekulia mitaa hiyo hiyo, na Kiswahili chake ni cha huko.

"Niaje, injinia. Tunabomoa?"

"Tunainua tu."

"Kuinua ni kubomoa na kujenga, si ndio? Haina noma. Leta chai."

Akina mama wa kanisa walifika wamejifunga leso. Wakajipanga mstari kutoka chumbani hadi uani, wakapokezana matofali mkono kwa mkono wakiimba, na kila wimbo ulipoisha kuna mtu aliyeanzisha mwingine. Mzee alikataa kukaa ndani. Aliketi uani juu ya kigoda akikwangua chokaa iliyoshika kwenye matofali, akiyapanga kando yake kwa unadhifu. Mara kwa mara alimrudishia mama fulani tofali akisema, "Hili lina ufa, tafadhali," nao walimtii. Wiki iliyofuata tanuri lilikuwa juu ya nguzo zake. Mama akagundua kwamba sasa anaweza kutoa mikate bila kuinama sana. Kwa maoni yake hiyo ndiyo ilikuwa faida kubwa, na ndivyo anavyowaeleza wageni.

Kitanda cha mzee kikarudi ukutani. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake, ile ya manyunyu na anga la kijivu kutwa nzima. Nilikuwa nimekuja kumwona mama, na mzee akaniita kwenye ua.

"Binti yangu, nina ombi. Lakini usicheke."

"Sicheki, mzee."

"Lile joto. Mnaweza kunirudishia kidogo?"

Nilicheka, naye akacheka. Akaeleza kwamba usiku hataki, usingizi wake sasa ni mzuri. Ila mchana huketi kwenye kiti chake mwisho wa ukuta ule, upande wa dirisha, akisikiliza redio, na magoti yanamuuma kwa baridi. Alikuwa amekumbuka jinsi sakafu ilivyokuwa. "Pale kwenye kiti tu," akasema. "Kitandani hapana."

Nilibeba ombi hilo kazini kama zawadi. Nilijua tutafanyaje: matofali machache ya kusukumwa chini ya tanuri, mkabala na kiti, yajaze nafasi ya hewa na kupitisha joto mpaka sakafuni. Lakini joto litafika kwenye kiti kiasi gani, na litafika kitandani? Slesi isingejua. Kwa slesi, ukiweka matofali mahali pamoja ni kama umeyaweka urefu wote. Wala kile kipande cha keki kisingejua, kwa sababu hapa hakuna kinachojirudia, kiti ni kimoja. Safari hii nilihitaji urefu, upana na kina, yaani chumba chenyewe. Nikachora hivyo bila woga, ila bila mpini, bila trei, bila bomba. Tanuri nikalifanya sanduku lenye moto. Kitanda na kiti nikaviweka kama alama mbili sakafuni. Kompyuta ilifanya kazi kimya mpaka saa za chakula cha mchana, ikaleta duara la joto lenye upana wa kutosha kuweka miguu miwili, limekaa chini ya kiti na kufifia kabla ya kitanda.

Mkuu alikuja na kikombe chake. "Nani amekuagiza hii?"

"Mzee, kwa ajili ya magoti."

Akatazama zaidi. "Sogeza matofali kidogo kuelekea dirishani," akasema. "Pale saruji inapoteza joto kwa nje."

Nikasogeza. Sasa kila baridi ikianza, mama huyasukuma matofali yale kwa fimbo ya ufagio mpaka kwenye alama aliyoichora ukutani, na jua likirudi huyavuta nje. Hafanyi hivyo kabla ya kugonga ukuta na kumwuliza jirani kama yuko tayari. Mzee hugonga kujibu. Nimewahi kusimama hapo nikiwasikiliza wakigongeana.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, nilipita kuwasalimia nikamkuta mzee ameketi nje kivulini na shati limefunguliwa vifungo. Nikamuuliza kama ni sakafu tena.

"Sakafu haina neno," akasema. Akaonyesha juu kwa kidole. "Ni mabati. Saa nane mchana humo ndani hamkaliki. Hilo nalo unaweza kulichora?"

Nikamwambia nitajaribu, ila nahitaji kwanza kujua paa limeinama kiasi gani na dari iko umbali gani. Nikatoa futi ya utepe kwenye mkoba. Mzee akasimama, akafunga shati lake vizuri, tukaingia ndani, akashika ncha moja ya utepe na kuibana kwenye kona ya ukuta, nami nikarudi nyuma na ile nyingine mpaka ilipofika mwisho wa chumba.